Zawadi Gani Hii? Neno Juu ya Barua Tamu za Afisi



Kurasa hizi tulikuwa tumeziwekea hesabu ya ada na habari za matawi, lakini hayo yatangoja. Kuna karatasi imebandikwa ukutani mahali fulani wanapofanya kazi wanachama wetu, karibu na mlango wa kantini, nasi twaona si haki kuzungumza jambo lingine kabla ya hilo. Kampuni yenyewe hatuitaji. Wanaofanya kazi pale wanaijua, na wasiofanya kazi pale wasicheke, kwa maana yao iko njiani.

Karatasi hiyo imepigwa taipu kwa Kiingereza peke yake. Kwa Kiswahili, na kwa ufupi, yasema hivi. Kampuni ni jamaa moja. Nyakati hizi ni ngumu kwa jamaa yote. Kwa hiyo imeonekana vyema kazi zipangwe upya. Kwa moyo wa shukrani imetengwa zawadi ya shilingi 150,000 kwa kila mfanyakazi atakayeamua kuondoka kwa hiari yake. Wengi wamekwisha kuonyesha nia. Nafasi ni chache, na mwisho wa kutia sahihi ni Ijumaa.

Basi watu wameifurahia! Hilo ndilo lililotushtua sisi kuliko karatasi yenyewe. Mzee mmoja mwenye miaka 14 katika kazi ile alitushika mkono akasema, "Kampuni imenikumbuka." Hatukumcheka mzee wetu. Karatasi ile imeandikwa na mtu aliyesomea kazi ya kumfanya mwenziwe apende jambo lisilomfaa. Kazi hiyo ina mafundi wake kama useremala ulivyo na mafundi wake, na mafundi hao wana vyombo vyao. Leo twataka kulifungua sanduku la vyombo hivyo mbele yenu, kila mtu atazame ndani.

Lakini kwanza hesabu.

Mzee wetu hupata shilingi 26,000 kwa mwezi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema kwamba mwajiri akiona kazi imepungua na anataka kupunguza watu, hana ruhusa ya kuwaondoa vivi hivi. Ni lazima akiarifu chama na Afisa wa Leba mwezi mmoja kabla, aeleze sababu na ukubwa wa jambo lenyewe. Ni lazima achague watu kwa kufuata urefu wa utumishi wao, ustadi, uwezo na uaminifu, wala si kwa kupenda sura. Ni lazima alipe likizo ambayo mtu hakuichukua. Ni lazima ampe mtu notisi ya mwezi mmoja, au mshahara wa mwezi badala yake. Na tena ni lazima alipe malipo ya kuachishwa, yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Siku 15 ni kama nusu ya mwezi. Nusu ya 26,000 ni 13,000. Mara 14 ni 182,000. Ongeza mshahara wa notisi, 26,000, yawa 208,000, na likizo bado hatujaihesabu. Haya, karatasi yasemaje? 150,000. Basi neno moja tu, neno "zawadi", linamla mzee wetu shilingi 58,000. Hatujapata kuona neno lenye njaa namna hiyo.

Na ubaya hauishii hapo. Akitia sahihi kwamba ameondoka kwa hiari, kesho akienda kulalamika ataulizwa: Mzee, si wewe uliyejitoa? Neno "hiari" halikuwekwa pale kwa adabu. Limewekwa ili mlango wa kifungu cha 40 ufungwe kwa mkono wa mzee mwenyewe, na ufunguo abaki nao Bwana Meneja. Haki yake imegeuzwa kuwa zawadi, na kufukuzwa kwake kumegeuzwa kuwa shauri lake, na yote mawili yamefanywa kwa kalamu, bila ya mtu kumpigia kelele.

Hicho ndicho chombo cha kwanza, ndugu: kutia majina. Anayepewa nafasi ya kukipa kitu jina ndiye aliyekwisha kushika mpini. Watu wa pwani wanalijua jambo hili tangu zamani. Neno "kibarua" asili yake ni barua ndogo, kile cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili jioni apate malipo yake. Siku zikapita, jina la cheti likawa jina la kazi, kisha likawa jina la mtu mwenyewe. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, anaitwa karatasi! Na siku za ukoloni mpishi mwenye mvi kichwani aliitwa "boi". Hayo yalikuwa matusi, na tusi lina faida moja, kwamba hulijua mara moja ukalikasirikia.

Siku hizi twapewa majina ya heshima, na hayo ndiyo ya kuogopa zaidi. Dereva wa teksi za kuitwa kwa simu haambiwi ya kuwa ni mfanyakazi. Huambiwa ni "mshirika". Mshirika gani asiyeketi mezani bei ya safari inapopangwa? Petroli anunua yeye, deni la gari alipa yeye, tairi likipasuka ni lake, na sehemu ya kampuni hukatwa kabla yeye hajaonja kitu. Kama huo ni ushirika, basi hata punda ana ushirika na mwenye mkokoteni.

Na hiyo "jamaa moja" tunayoambiwa, twauliza: ni jamaa ya namna gani? Katika jamaa zetu, mwaka wa njaa baba hula mwisho. Je, katika jamaa hii tumeambiwa Bwana Meneja ameuza gari lake? Katika jamaa zetu mtu akiugua watu humtembelea, hawamkati siku. Sisi tuko tayari kabisa kuwa jamaa na kampuni, lakini jamaa huonyeshana mfuko. Watuletee hesabu za mwaka, tuzisome pamoja. Wakikataa, basi na waache kutuita wanao.

Chombo cha pili ni lugha isiyo na mtu ndani yake. "Imeonekana vyema." Imeonekana na nani? "Imetengwa." "Imeamuliwa." Kiswahili chetu kina herufi moja ndogo, w, ambayo ukiipachika katika kitendo, mtenda aweza kutoweka kama mwizi wa kuku alfajiri. Mtoto akivunja sahani hasemi, "Nimeivunja." Husema, "Imevunjika." Twamwelewa, kwa kuwa ni mtoto na anaogopa fimbo. Lakini wakurugenzi waliovaa suti, wao waogopa fimbo ya nani?

Dawa ya chombo hiki ni rahisi, na kila mmoja wetu aweza kuifanya akiwa amesimama mbele ya ukuta ule. Mrudishe mtu katika sentensi. Usisome, "Imeonekana vyema kazi zipangwe upya." Soma hivi: "Meneja Mkuu na wakurugenzi wake wamekata shauri kuwatoa baadhi yenu kazini, ili fedha ya mishahara ipungue." Sasa ionje tena karatasi, uone kama utamu umebaki. Huenda sababu yao ni ya kweli. Huenda biashara imeharibika kweli. Sisi hatukatai kwamba kampuni huweza kupata hasara. Lakini mtu mwenye sababu ya kweli huja akasema, "Mimi nimeamua, na sababu yangu ni hii," kisha hungoja maswali.

Chombo cha tatu ni haraka. Mwisho Ijumaa! Kwa nini Ijumaa? Je, fedha ile yaoza kama samaki? Tulipoomba nyongeza ya posho ya nyumba tulikaa miezi tisa, na kila tulipokwenda afisini tuliambiwa subira huvuta heri, na haraka haraka haina baraka. Leo wanapotaka sahihi zetu, zile methali zimekwenda likizo.

Na hapa tuseme neno dogo juu ya methali, kwa kuwa zatumika sana kutulaza. Methali ni mali yetu, lakini kila methali ina mwenziwe wa kuipinga. Ukiambiwa subira huvuta heri, kumbuka ya kuwa ngojangoja huumiza matumbo. Kwa hiyo mtu akikupa methali mahali ulipoomba hesabu, jua hana hesabu, au anayo na haipendi. Katika mazungumzo fulani tulipewa nyongeza ya 4 kwa mia, tukakunja nyuso, na bwana wa upande wa pili akatuambia kwa upole, "Haba na haba hujaza kibaba." Mjumbe wetu mmoja, mtu wa stoo, hasemi sana, akauliza, "Kibaba cha nani, Bwana?" Mkutano ukasimamishwa watu wanywe chai. Mjumbe yule alikuwa amepiga hesabu yake nyuma ya bahasha: 4 kwa mia ya 26,000 ni 1,040, bei za vitu zikiwa zimepanda kwa 7 kwa mia, ili mtu abaki pale pale alipokuwa mwaka jana ahitaji 1,820. Kwa hiyo hiyo iitwayo nyongeza ilikuwa pungufu ya shilingi 780 kila mwezi. Bahasha ile ilishinda hotuba zetu zote za siku ile.

Kuna na kile cha "wengi wamekwisha". Wengi wangapi? Tulisimama langoni jioni mbili tukauliza watu waliokuwa wakitoka, na tuliowapata wametia sahihi walikuwa watatu, mmoja wao alikuwa tayari anahama kwenda kwao. Mtu hupenda kwenda waendako wenziwe, hiyo ndiyo tabia ya binadamu, na mwandishi wa karatasi aijua. Ndugu zake na chombo hiki ni "wastani". Ukiambiwa wastani wa mshahara katika kampuni ni shilingi 56,200, usijione wewe ndiye mjinga peke yako usiyezipata. Watu tisa wenye 18,000 kila mmoja, na bwana mmoja mwenye 400,000, wastani wao ni hizo 56,200, na hakuna hata mmoja katika wale kumi anayezipokea.

Twajua wako watakaosema, Ninyi chama mwaona shetani katika kila karatasi. Basi tuwapeleke mbali kidogo, Marekani, ambako ufundi huu ulikomaa, tena ulikomaa kwa ajili ya watu kama sisi.

Mwaka 1913 wachimba makaa wa jimbo la Colorado waligoma. Wakafukuzwa katika nyumba za kampuni, wakakaa katika mahema wakati wote wa baridi. Tarehe 20 Aprili 1914, mahali panapoitwa Ludlow, askari wa jimbo pamoja na walinzi wa kampuni waliyapiga risasi mahema yale, yakateketea kwa moto. Katika shimo chini ya hema moja walikutwa wanawake wawili na watoto 11 wamekufa. Mwenye sehemu kubwa ya kampuni ile kuu ya makaa alikuwa tajiri Rockefeller. Watu walipokasirika nchi nzima, Rockefeller mwana alifanya nini? Alimwajiri fundi wa maneno, jina lake Ivy Lee.

Fundi huyu alichapisha makaratasi mengi, akayapeleka kwa wahariri wa magazeti na kwa watu wakubwa. Katika makaratasi hayo aliwaeleza watu kiasi walicholipwa viongozi wa mgomo, na kiasi kilikuwa cha kutisha. Wachimbaji wanakaa katika theluji, kumbe viongozi wao wananenepa! Ila hesabu ilikuwa ya uongo: malipo ya mwaka mzima yalikuwa yameandikwa kana kwamba ni ya majuma tisa tu. Mwaka 1915 alipohojiwa na tume ya serikali juu ya makaratasi yake, alikiri ya kuwa hakuchunguza kama ni kweli. Aliandika aliyopewa na wenye kampuni. Na mtu huyu, ndugu, mpaka leo anahesabiwa kuwa mmoja wa mababa wa kazi ile ya kupendezesha makampuni mbele ya watu.

Mwatambua harufu yake? Mara ngapi mmeambiwa, "Ada zenu zinaliwa na katibu wenu"? Sisi hatusemi makatibu wote ni malaika. Wako waliokula, na mkiwashika wafungeni. Lakini ukiambiwa hivyo na mtu wa afisi siku mbili kabla ya mazungumzo ya mshahara, muulize mambo mawili: ni kiasi gani, na ni kwa muda gani.

Miaka ishirini baadaye ufundi ukazidi. Mwaka 1936 wafanyakazi wa kampuni ya Remington Rand waligoma. Kampuni hiyo ilitengeneza mashine za kupiga taipu, kwa hiyo hapana ajabu ilijua thamani ya maandishi. Mkuu wake, James Rand, aliuvunja mgomo, kisha namna ya kuuvunja ikatangazwa kwa waajiri wengine katika jarida la chama cha wenye viwanda, kama vile mganga atangazavyo dawa. Ikaitwa Dawa ya Bonde la Mohawk. Maagizo yake ni haya: Waite viongozi wa mgomo wachochezi. Tangaza ya kuwa wanaogoma ni wachache. Tishia kuhamisha kiwanda ili wenye maduka na mabenki ya mji waogope. Unda kamati ya raia wema, isionekane ya kuwa ni ya kampuni. Omba askari wengi, hata kama hapana fujo, ili watu waone ya kuwa fujo ipo. Unda kikundi cha wafanyakazi wanaosema wanataka kurudi kazini. Kisha chagua siku, fungua malango kwa shangwe na sherehe, ili wale walio nje wajione wamebaki peke yao. Mwaka 1937 Baraza la Taifa la Uhusiano wa Kazi la Marekani liliihukumu kampuni ile na kuyaanika maagizo hayo hadharani. Lakini dawa ikishajulikana haifi. Someni tena orodha hiyo, kisha kumbukeni mgomo wowote mlioushuhudia kwa macho yenu.

Hapa kwetu neno "mchochezi" halikungoja Remington. Tarehe 13 Januari 1947 watu wa Mombasa waliacha kazi, makuli wa bandarini na watu wa reli, kisha mahoteli na majumbani, watu wapatao 15,000, kwa siku 12. Wakubwa wa serikali walitafuta mchochezi, kwa maana hawakukubali kwamba mtu aweza kuona njaa yake mwenyewe bila ya kuonyeshwa na mwingine. Lakini tazameni ushawishi wa wagomaji wenyewe. Walikutana kila siku katika uwanja, na uwanja huo wakaupa jina: Kiwanja cha Maskini. Hawakungoja afisi iwatilie jina. Walijiita wenyewe, na kwa jina hilo kuli wa bandarini na mpishi wa mzungu wakajikuta ni wamoja. Chege Kibachia, aliyeongoza shirikisho la wafanyakazi lililotokana na mgomo ule, alikamatwa mwezi wa Agosti mwaka huo huo akapelekwa Kabarnet, akazuiliwa huko miaka ipatayo kumi. Kama maneno yake yalikuwa upepo mtupu, kwa nini mwenye maneno akafichwa mbali namna hiyo?

Sasa, ndugu, tukiishia hapa tutakuwa tumefanya yale yale tunayoyalaumu. Tutakuwa tumewaonyesha kibanzi cha afisi na kuficha boriti yetu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika tawi letu moja, palikuwa na mgogoro wa saa za ziada. Madai yalikuwa ya haki, hilo twalisema hata leo. Msemaji wetu alipanda juu ya pipa, mtu mwenye sauti kama tarumbeta. Akauliza, "Mwataka au hamtaki?" Watu wakaitika, "Twataka!" Akauliza mara ya pili, wakaitika zaidi. Hakutaja hesabu yoyote. Karani mmoja alinyoosha mkono akauliza kama mgogoro umekwisha kupelekwa kwa mpatanishi, na kama notisi ya siku saba imeandikwa, kwa kuwa Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yataka yote mawili kabla mgomo haujawa na ulinzi wa sheria. Msemaji akamtazama, akageuka kwa watu akasema, "Kibaraka huyo!" Watu wakacheka, wengine wakamzomea. Karani akaketi.

Asubuhi tukagoma. Siku ya tatu kampuni ikaja na amri ya mahakama mkononi. Watu 19 walipoteza kazi, na wale waliorudi walirudi kwa masharti mabaya kuliko ya kwanza.

Na jarida hili hili, ndugu, lilikuwa limechapisha juma lile kichwa cha habari kwa herufi kubwa, MWOGA AKAE NYUMBANI. Tuliyeandika ni sisi. Tulifurahi nacho sana, tukasema kichwa hiki kitawaka moto. Hatukuuliza kitamchoma nani. Mmoja wa wale 19 hutupita njiani mpaka leo asitusalimu, nasi hatumlaumu. Karani aliyezomewa alihama chama. Tulimwandikia barua ya kuomba radhi baada ya mwaka mzima, kuchelewa sana, na hakujibu.

"Kibaraka", "mwoga", "twataka au hatutaki": hivyo vilikuwa vyombo vyetu, na vilitoka katika sanduku lile lile la "jamaa moja" na "hiari". Tofauti ni rangi tu. Afisi hutumia asali kwa kuwa ina amri mfukoni. Sisi hutumia kelele kwa kuwa hatuna. Lakini kila upande ulikuwa ukimtaka mtu akubali kabla hajauliza. Na wako kati yetu wanaosema mpaka leo kwamba watu hawataki hesabu, wataka moto. Twawapinga wazi. Watu wetu huhesabu unga kwa kibaba na nauli kwa shilingi, kila siku iendayo kwa Mungu. Anayesema hawawezi kufuata hesabu anawadharau kama yule bwana wa suti, na afadhali yule bwana, yeye hajiiti ndugu yetu.

Hatusemi msemaji awe baridi kama jiwe. Kilio cha mtu aliyedhulumiwa ni ushahidi pia. Lakini moto uje baada ya hesabu, na uwe wa mambo yaliyokwisha kuonyeshwa.

Ipo mifano ya kufuata. Makhan Singh, mtoto wa mwenye mtambo wa kuchapisha pale Nairobi, alipoingia katika chama mwaka 1935 hakuanza kwa kupanda juu ya pipa. Alichapisha vikaratasi, tena si kwa lugha moja, ili fundi aisome habari ya chama kwa lugha anayoiotea ndoto. Mwaka 1937 mafundi wa majengo wa Nairobi waligoma siku 62. Siku 62 mtu hawezi kushindishwa na njaa kwa kelele za siku ya kwanza. Alishinda kwa kuwa alijua anagomea nini. Serikali ya ukoloni ilimkamata Makhan Singh mwaka 1950, haikumwachilia mpaka 1961.

Jambo hilo la lugha latuleta tena mbele ya ukuta wa kantini. Sheria ya Ajira, kifungu cha 9, yasema kwamba mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyefahamu lugha ya mkataba wake, ni juu ya mwajiri kuhakikisha anaelezwa kwa lugha anayoifahamu. Karatasi ya zawadi imekaa ukutani siku nne kwa Kiingereza cha mawakili. Jumatatu tulimwandikia Bwana Meneja, kwa adabu, tukamwomba vitu vitatu: karatasi hiyo kwa Kiswahili, hesabu inayoonyesha 150,000 imetoka wapi, na siku 30 badala ya Ijumaa. Alijibu kwamba barua yetu imepokelewa. Mwaiona ile w?

Mkutano ni Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni, chini ya mwembe nyuma ya lango la pili. Karatasi itasomwa yote kwa Kiswahili, neno kwa neno, pamoja na yale mazuri yaliyomo, kwa sababu yamo. Kila mtu aje na hati yake ya mshahara na tarehe aliyoandikwa kazi. Wako makarani wawili watakaompigia kila mtu hesabu yake peke yake, kwa kalamu, naye aende nayo nyumbani alale nayo. Baada ya hapo atakayeona 150,000 zamfaa, na achukue, hatutamwita jina lolote. Aliyekwisha kutia sahihi naye aje, asione haya. Huenda bado liko la kufanya. Hapatakuwa na kura ya kuinua mikono siku hiyo, na aliye na swali ataitwa kwanza kabla ya msemaji yeyote wa chama.

Mzee wetu wa miaka 14 ameahidi kuja. Ameomba awekewe nafasi mbele upande wa kulia, kwa kuwa sikio la kushoto halisikii vizuri tangu alipohamishiwa kwenye mashine.